Ridhaa ya Mke wa Laban

Riyadh, 12 Januari 2025

Wifi yangu Selipher,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Umerudi Jeddah wiki ya tatu sasa na hujaniandikia hata mstari mmoja. Timothy, dereva wenu, kamleta bosi wako Mama Amir huku kwa binti yake mara mbili, na mara zote mbili nimemkagua mifuko kama askari wa forodha. Alichonipa ni biskuti za tende, na hizo zilikuwa za madam.

Nakuandikia nikiwa stoo, nimekalia gunia la mchele. Ningekupigia, lakini madam Hala ananipa simu yangu Ijumaa kwa saa moja tu, na saa hiyo ni ya mwanangu Miriam. Tena Terry, ninayefanya naye kazi hapa, huwa kakaa pembeni anajifanya anakunja nguo. Yule Mkenya ana roho nzuri ila hana kifuniko; akisikia leo, kesho madam anajua. Na mambo yetu mimi na wewe unayajua, si ya kusikika.

Ijumaa Miriam kaniambia kuna mzee alikuja kuangalia nyumba. Alihesabu vyumba, akagonga kuta, akauliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Alipoondoka, baba yake akamwambia aanze kuaga marafiki zake. Nikaomba nizungumze na Laban. Mtoto akasema baba katoka, na nyuma yake namsikia Laban anakohoa.

Basi kaka yako anataka kuuza nyumba ya Buswelu. Sijashtuka sana. Kabla sijaja huku nilihudhuria semina ya akina mama pale kanisani, nikakaa mbele kabisa. Mwanasheria alituambia nyumba wanayoishi mke na mume haiuzwi mpaka mke aridhie mwenyewe, kwa saini yake, mbele ya wakili, hata kama karatasi zote zina jina la mume. Alisema sheria ya ndoa inasema hivyo tangu enzi za Ujamaa, na sheria ya ardhi ikaja kuitia nguvu.

Nilimkumbuka mama. Kijijini kwao, wakati ule wa Ujamaa, aliandikwa kwenye daftari la shamba la kijiji kwa jina lake mwenyewe, na katibu akatangaza mkutanoni kuwa mke na mume ni sawa. Wanaume walicheka lakini aliandikwa. Mambo ya Ujamaa yalipoisha, mashamba yakagawiwa kwa majina ya wanaume na daftari halikuonekana tena. Mama alikufa analitaja daftari lile. Mimi nimeapa hayo hayatanipata. Nyumba ile nimeijenga kwa miaka minne ya kusugua vyoo vya watu, na ndipo mwanangu anapolala.

Laban hawezi kuuza bila mimi, na mimi niko huku. Sina wasiwasi, ila nataka kujua. Wewe ulikuwa pale karibu Desemba nzima. Uliona nini?

Wifi yako,
Jael

*

Jeddah, 27 Januari 2025

Wifi mpenzi,

Barua yako nimeipata, Timothy alinipa jikoni akakimbia, maana Mama Amir alikuwa anaita. Hapa ni kuitwa tu. Kutwa nzima Jael, chai. Jael, yalla, dawa yangu iko wapi. Siku hizi mtu akitamka Selipher naona anamtafuta jirani.

Usininunie kwa kutokuandika. Nilirudi nikakuta Mama Amir kahamishia wajukuu watatu hapa Aziziya, na wote wanakula kwa saa zao. Juzi ndiyo nimepata kupumua, Timothy akanipitisha Baghdadiyah kununua vitambaa vya jikoni, nikaona vitenge nikakukumbuka. Cha rangi ya machungwa kingekufaa, ila ungesema kinakunenepesha.

Miriam amekuwa mrefu, anakupita mabega karibu. Anasoma vizuri. Mwanangu naye hakunijua, alijificha nyuma ya mama siku mbili nzima, ya tatu ndiyo akakubali pipi. Nililia chooni.

Kuhusu nyumba, mimi sikuona kitu cha ajabu. Watu wanakuja kuangalia nyumba za wenzao, ndiyo mji. Laban amekonda. Wifi, mwanaume kukaa miaka minne na mtoto wa kike peke yake si mchezo, na kaka yangu si mtu mbaya, tumelelewa chungu kimoja. Kama ana mpango atakuwa na sababu yake. Zungumza naye kwa upole. Hayo ya sheria na wakili ukiyaanza kwenye simu, ataona unamwita mwizi, na huko hakurudiki.

Tena hizo saini unazozitegemea, sijui. Saini ni wino tu.

Nakuombea sana.

Selipher

*

Riyadh, 10 Februari 2025

Selipher,

Nimeisoma barua yako mara tano. Umeniandikia habari za vitenge.

Ijumaa nilimuuliza Miriam jambo moja tu, kama shangazi alikwenda mahali na baba. Mtoto hajui kuficha. Alisema ndiyo, mlikwenda mjini kwa mtu mwenye ofisi ya ngazi nyingi, wewe umevaa gauni langu la bluu, lile la Pasaka. Yeye mlimkalisha kwenye benchi la nje. Akasikia unaitwa, "Jael Mabula, mke wa Laban, ingia." Akacheka, akasema huyo ni shangazi, na baba yake akamfinya mkono.

Alinihadithia anacheka.

Sasa nataka nikukumbushe jinsi tulivyofika hapa, maana inaelekea umesahau. Miaka minne iliyopita viza ya kuja Riyadh ilitoka kwa jina lako. Ukapimwa, ukakutwa na mimba. Wakala akasema viza haiwezi kuoza, atafutwe mwingine aende kwa jina hilohilo. Laban akaniangalia, na wewe ukaniangalia. Nikapigwa picha, nikaweka alama za vidole, nikatengenezewa kitambulisho na pasipoti, nikawa Selipher. Ulipojifungua ukataka kuja na wewe, jina lako lilikuwa limeshatumika, nikakupa langu. Nilikupa na cheti changu cha kuzaliwa. Ukapigwa picha ukawa Jael, na mimi ndiye niliyemwambia madam Hala kwamba mama yake kule Jeddah akitaka mfanyakazi, nina wifi yangu. Tulicheka sana wakati ule, tukasema waume watatuchanganya.

Nilikuazima jina ule nalo mkate. Sikukuazima uuzie nyumba yangu.

Usinijibu habari za Mama Amir. Niambie ulitia saini au hukutia.

Jael

*

Jeddah, 24 Februari 2025

Wifi,

Nilitia.

Sijui niandike nini baada ya hapo lakini umetaka kujua, basi nitakwambia lote kama lilivyokuwa, na Mungu ananiona.

Laban aliniambia mmeshakubaliana. Alisema mnauza Buswelu mjenge kubwa zaidi karibu na barabara ya lami, kwa majina yenu wawili, na kwamba wewe umenyimwa ruhusa na kafili wako, huyo mwajiri, kwa hiyo umesema nisimame badala yako, kitambulisho si ninacho. Nilimuuliza, Jael kasema hivyo? Akasema, kwani mimi nitamwibia mke wangu? Ningempigia nani, wifi? Ijumaa ilikuwa mbali na mnunuzi alikuwa na haraka. Na wewe unajua mambo mangapi nimeshakusimamia. Kadi ya hospitali ya Miriam nilisaini mimi, na shuleni nilisaini mimi, ukashukuru. Nikaona ni yaleyale.

Wakili hana kosa. Nakwambia kweli yule baba alifanya kila kitu. Aliangalia kitambulisho, akaangalia uso wangu, akaangalia cheti cha ndoa. Kisha akamtoa Laban nje na kufunga mlango. Akaniambia taratibu, kama anaongea na binti yake, "Mama, sheria inakulinda. Ukisema hapana, nyumba hii haiuzwi, na hakuna mtu atakayekugusa. Umelazimishwa?" Nikasema sijalazimishwa. Akauliza tena kama naelewa kwamba nitakosa pa kuishi. Nikasema naelewa. Akauliza, "Wewe ndiye Jael, mke wa Laban?" Nikaitika.

Wifi, niliitika kama ninavyoitika hapa kila siku. Sikuhisi kwamba nasema uongo. Nilikuja kuhisi kwenye ngazi, tunashuka, Laban alipochukua karatasi na kuzitia kwenye koti bila kunitazama. Nimekuficha hadi leo, na ile barua ya vitenge niliiandika nikijua.

Nipige ukitaka. Nitukane. Mimi sina la kujitetea.

Selipher

*

Riyadh, 17 Machi 2025

Selipher,

Sitakutukana, sina nafasi. Soma hii taratibu kwa sababu bado kuna njia moja na iko mikononi mwako.

Nilimwambia madam pasipoti inakaribia kuisha. Kwa kuwa ni Ramadhani na baba mwenye nyumba, mume wa madam, anatoka kazini mapema, akanipeleka ubalozini yeye mwenyewe. Alikaa kwenye viti vya kusubiri anasoma simu, mita tatu kutoka kwangu. Nikapokewa na binti mdogo, mpole, ana sauti ya Kihaya. Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba mume anauza nyumba ya ndoa na mke hajaridhia. Yule binti alichangamka kabisa. Akasema hilo ni jambo jepesi, sheria iko wazi, mke anaapa hapa mbele yetu, tunagonga muhuri, karatasi inakwenda kwa msajili wa ardhi na uuzaji unasimama. Akavuta fomu. Selipher, nilitaka kumbusu mikono.

Akasema, nipe pasipoti yako dada.

Nikampa. Akaisoma, akanitazama, akauliza kwa upole, "Kwa hiyo wewe ni nani kwa huyo mke?" Nikasema ni wifi yake. Akasikitika kweli. Akanieleza kwamba wifi hana ridhaa ya kutoa wala ya kunyima, aje mke mwenyewe. Kama ningesema ukweli pale, pasipoti ni ya uongo, ikama, kibali changu cha kuishi huku, ni ya uongo, na baba anasubiri kwenye kiti. Ningetoka mle napelekwa kwingine, na sijui ningemwona Miriam lini. Nikachukua pasipoti nikasema asante.

Sasa sikiliza. Kwa karatasi, mke wa Laban ni wewe, na aliyeridhia anaweza kuondoa ridhaa yake. Nilimuuliza yule binti kabla sijaondoka, akasema hata baada ya kusaini, kama nyumba haijahamishwa jina, mke aape kwamba ameghairi na zuio linawekwa. Miriam kasema mnunuzi anahamia baada ya Idi. Nenda ofisi ya ubalozi wetu hapo Jeddah. Sema wewe ni Jael Mabula na umeghairi. Mwambie Mama Amir unaumwa jino, mwambie chochote. Timothy atakupeleka, ni mtu mwema.

Ulisema ndiyo kwa jina langu. Sema hapana kwa jina hilohilo, hata usiponipenda tena. Sikuombi kingine.

Na usimwambie Laban. Nakusihi, usimwambie.

Jael

*

Jeddah, 7 Aprili 2025

Wifi yangu,

Naandika nikijua hutanisamehe.

Nilipopata barua yako nilikaa na wazo moja kwamba mambo haya ni ya nyumbani. Kumpeleka kaka yangu wa tumbo moja kwenye mihuri ya serikali kabla sijamwambia neno, sikuweza. Kwetu hata mwizi wa kuku huitwa kwanza akaulizwa. Nikaona nimpe nafasi arudi mwenyewe, mama akae naye, mnunuzi arudishiwe chake, yaishe bila wewe wala mimi kuapa uongo mwingine mbele ya watu. Nikamtumia ujumbe. Nikamwandikia kwamba Jael amejua, na nisipopata jibu hadi Idi nakwenda kuondoa ridhaa.

Alijibu dakika hiyohiyo. Alisema hilo limeisha, nisiwe na wasiwasi, tutazungumza kama ndugu. Nikafurahi mjinga mimi. Nikasali kabisa.

Hakungoja Idi. Siku ya nne walikuwa wamebadilisha jina la nyumba. Mnunuzi aliingia na vitanda vyake, na gauni lako la bluu na vyombo vyako vimepelekwa kwa mama Musoma kwenye mifuko ya saruji. Mama ndiye aliyenipigia, analia. Ndipo akaniambia kuna mwanamke Kahama mwenye duka la dawa na Laban anahamia kwake, nyumba ya barabara ya lami hakuna wala haikuwahi kuwepo.

Hata hivyo nilikwenda. Baada ya Idi, ofisi zilipofunguliwa, nilimwambia Mama Amir nina jino. Timothy akaniteremsha. Nilikuwa kwenye foleni, wifi, namba yangu mkononi, watu wawili mbele yangu. Laban akapiga, maana asubuhi nilikuwa nimemwambia mama ninakokwenda. Alikuwa na sauti ya kawaida kabisa. Akasema, "Ukiapa hapo, mimi naandika barua moja kueleza nani ni nani. Mtafungwa wote wawili, na mwanao atakua bila kukujua." Akakata.

Nilitazama ile namba. Nikafikiria mtoto aliyejificha nyuma ya mama siku mbili. Wakaita namba yangu na sikuinuka. Waliiita tena, halafu wakaita ya mwingine.

Timothy aliniuliza kama jino limeng'olewa, nikatikisa kichwa tu. Ningekuwa na moyo wako ningeinuka. Sina. Ninachojua ni kwamba nimekukosea mara tatu na kila mara nilidhani nakusaidia, ila hii ya mwisho nilikuwa najua.

Sitegemei jibu.

Selipher

*

Riyadh, 28 Aprili 2025

Selipher,

Nakujibu kwa sababu nina haja nawe.

Wiki nzima baada ya barua yako nilikuwa navunja vitu. Sikukusudia, vilikuwa vinaniponyoka. Madam aliniuliza nina nini, nikasema nataka kwenda nyumbani. Akasema mafi safari, hakuna kusafiri, mpaka ajifungue mimba yake hii, na baada ya hapo mpaka mtoto atembee. Nikamwambia nina shida kubwa. Akaniuliza shida gani. Ningesema nini? Kwamba mume wangu kauza nyumba? Kwenye karatasi yake mimi sina mume. Nikasema halas, basi, madam, si kitu. Akanipa juisi. Si mtu katili, hajui tu anaongea na nani.

Nilikuchukia, usidhani sikukuchukia. Kisha nikaona kwamba ningekuwa mimi kwenye ile foleni na Miriam ndiye anatishiwa, pengine nami nisingeinuka. Sisemi hivi kukufariji. Nyumba imekwenda na nimeacha kuota vyumba vyake.

Haja yangu ni hii. Ijumaa Miriam kanipigia kwa simu ya yule mwanamke wa Kahama. Anaandikishwa shule mpya, na mwalimu anataka nakala ya kitambulisho cha mama. Laban kawapa nakala yako, ile aliyobaki nayo tangu siku ya wakili. Mtoto aliona picha. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, mwalimu akiniuliza huyu ni nani, niseme nani?"

Terry akaacha kukunja nguo. Nikamwambia aseme ni mama.

Pia kaniambia yule mwanamke anasema mtoto wa kike akimaliza darasa la saba inatosha, kuna kazi ya dukani, na kwamba wateja wameanza kumuuliza kama ana mchumba. Ana miaka kumi na mmoja. Laban alikuwepo, akacheka.

Wewe una likizo Desemba, mimi sina. Nenda Kahama. Usiende kwa Laban, nenda shuleni kwanza, ukaonane na mwalimu mkuu. Mwonyeshe kitambulisho chako, atakuamini, uso ni wako. Mwambie wewe ndiye mama na unataka mtoto asome mpaka mwisho, na mtu yeyote asimwondoe bila wewe. Waachie namba yako ya simu, si yangu. Wakileta karatasi ya uhamisho, ya kazi, ya posa, karatasi yoyote yenye jina la Miriam, kataa. Laban akikutishia tena, kataa hivyohivyo.

Mimi nikisimama mbele ya mwalimu yule ni shangazi tu, na shangazi haulizwi kitu. Aliyeandikwa mama yake ni wewe.

Jael